Pazia Ndani ya Boti

Dodoma,
12 Agosti 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na majirani zako wote wa Igoma. Sisi huku hatujambo. Queen ametimiza miaka tisa na amekuwa msemaji wa familia bila kuchaguliwa na mtu. Obedi ana sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, na sasa akipigwa picha anafumba mdomo kama shahidi mahakamani. Evelina mwanao hajambo kabisa, isipokuwa siku hizi anakula ndimu asubuhi, mchana na jioni. Mimi naendelea kufundisha jiografia.

Evelina amenicheka sana kuniona natafuta bahasha. "Mpigie tu mama simu, dunia nzima inapiga simu!" Lakini naujua msimamo wako, kwamba sauti ya mkwe haiingii sikioni mwako. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nimuoe mwanao, na katika miaka yote hiyo nimeuona mgongo wako mara nne. Uso sijawahi kuuona. Silalamiki, Mama. Mimi Mhaya nilielezwa mapema kuwa kwenu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kupishana, na kwamba siku hizi wengi wamelegeza ila wewe hujalegeza hata kidogo. Kaka yako, Mzee Shigela, ndiye aliyenipa mwanya. Alisema karatasi haina uso, kwa hiyo barua inaruhusiwa. Basi ndiyo naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Krismasi tunakwenda Bukoba kwa mama yangu, Ma Kokulinda. Tutapanda meli hapo Mwanza Jumamosi, tarehe 21 Desemba, jioni. Basi la kutoka Dodoma litatufikisha Ijumaa, tutalala gesti Nyamagana, kwa hiyo Jumamosi yote ni yetu. Nimepanga asubuhi twende kisiwa cha Saa Nane watoto waone swala na pimbi, tupige picha kwenye jiwe la Bismarck, halafu mchana tukodi boti Luchelele twende maji marefu tukavue sangara kwa mshipi. Jioni tunaingia melini.

Watoto wanakuomba uwe nasi siku nzima, tangu asubuhi mpaka meli ing'oe nanga. Na mimi nakuomba. Nitakaa mbali, nitageukia pembeni, nitafanya lolote utakaloagiza.

Mkweo,
Kashaija


Igoma, Mwanza,
30 Septemba 2024

Baba Queen,

Marahaba. Barua ilifika tangu Agosti ile ile. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta kalamu.

Huku tupo. Fundi wa kuchomelea mageti amehamia ukuta wa pili, anaanza kugonga saa kumi na mbili asubuhi, jogoo wangu amekata tamaa hawiki tena. Mvua bado. Wajukuu wangu wasalimie. Huyo Obedi mwambie bibi yake naye ana pengo na anacheka hivyo hivyo. Ndimu nimezisoma. Mimi sijauliza kitu.

Kuhusu tarehe 21, sitaweza. Kwanza kuku, sina wa kumwachia. Pili goti la kushoto. Tatu kwaya ya Krismasi, tuna mazoezi kila Jumamosi na mimi ndiye ninayeshika sauti ya pili, nikikosekana wanaimba kama wamefiwa. Kulikuwa na sababu ya nne, nimeisahau, nikiikumbuka nitaandika.

Ninyi nendeni mfurahi. Ila nauliza tu, hiyo boti ni ya nani? Ni ya mbao au ya faiba? Mshipi mtapewa wa unene gani, na ndoano namba ngapi? Msikubali kupewa chambo cha dagaa waliokufa, huko ni kuchezeana akili. Sangara mkubwa anataka kambale mdogo aliye hai, anayecheza kwenye ndoano. Na mkitoka Luchelele msiishie huku ndani, hapo wamekwisha kupachokonoa. Mwambieni nahodha apite mawe yale ya mwisho, aende nje zaidi, maji yanapobadilika rangi. Mtakuwa na muda gani huko? Saa mbili hazitoshi. Nauliza tu.

Mama Evelina


Dodoma,
14 Oktoba 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Kwetu heri. Vumbi la Dodoma limetuingia mpaka kwenye chumvi, lakini afya ni nzuri. Ndimu zinaendelea.

Mama, nisamehe kwa nitakayosema. Nimefundisha miaka kumi na tano. Mwanafunzi anayeniambia hana haja ya kwenda safari ya masomo, kisha ananiuliza basi litasimama wapi kula, huyo huwa namwekea kiti. Wewe umekataa kwa mistari minne ukauliza habari za ndoano kwa ukurasa mzima. Nimehesabu.

Boti ni ya mbao, ina injini, na nahodha wake anaitwa Machibya. Nimezungumza naye kwa simu. Ana sharti moja halipunguzi, kila mtoto awe na mtu mzima wake wa kumshika. Evelina hawezi kuingia, daktari amemkataza vyombo vidogo vya majini kwa sasa. Sababu ataisema mwenyewe.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Kama kinachokuzuia ni mimi, basi mimi nitabaki nchi kavu na Obedi. Wewe uende na Queen. Obedi ameshalia mara mbili kwa habari hii, lakini atanyamaza, ni mtoto. Boti itakuwa yako na mshipi utakuwa wako. Kuku tutawatafutia mtu.

Mkweo,
Kashaija


Igoma,
9 Novemba 2024

Baba Queen,

Marahaba. Hatujambo, mvua imeanza, fundi wa mageti amehamia ndani kwa hiyo kelele zimepungua nusu. Goti limepona lenyewe.

Barua yako imenikasirisha, nikaiweka chini ya godoro wiki mbili. Mkwe akodi boti kwa jasho lake, kisha akae ufukweni analinda ndala? Na mjukuu wangu alie? Watu wa Luchelele wananijua tangu nikiwa kijana. Watasema Tereza amemwacha mkwewe juani akaenda kutembea. Aka! Hilo halipo.

Sasa nisikilize, na haya usimwonyeshe Evelina.

Nilikaa mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, miaka ishirini na nane nikiuza. Nimepara magamba, nimepasua matumbo, nimetoa mabondo, vile vibofu vya tumboni, kwa vidole hivi, sangara mrefu kunishinda nimemlaza mezani nikamkata. Lakini sijawahi hata siku moja kumtoa sangara majini. Enzi zetu mwanamke akikanyaga mtumbwi walisema samaki wamekimbia. Mimi mwisho wangu ulikuwa maji ya magotini, napokea kamba. Wanaume wanashuka wanasimulia, alivyovuta, alivyoruka, alivyotaka kupindua mtumbwi, wanacheka mpaka wanakaa kwenye mchanga, na mimi nimesimama na beseni. Marehemu baba yake Evelina aliniahidi atanipeleka. Alisema mwakani. Kila mwaka mwakani, mpaka Mungu akamchukua.

Nina miaka sitini na saba. Nataka nimvute mmoja. Mmoja tu, kwa mkono wangu, nimsikie anavyokataa. Evelina nikimwambia atacheka, halafu atanihurumia, na huruma yake siitaki. Wewe nimekuambia kwa sababu sikuoni.

Ile sababu ya nne sikuisahau. Ilikuwa ni wewe. Lakini usidhani nakuchukia, Baba Queen. Mtu niliyemchukia ningemkazia macho mpaka ahame mji. Mama yangu aliniambia mkwe wa kiume ni mtu wa kupishwa njia, na mimi nilimuapia kabla hajafa. Siwezi kuvunja kwa ajili ya samaki.

Basi nimepata ufumbuzi. Nimeshona vitenge viwili vikawa kimoja, kirefu. Nitakuja nacho pamoja na fito mbili na kamba. Tutafunga pazia katikati ya boti, kutoka ubavu huu hadi huu. Mimi na Queen mbele, wewe na Obedi nyuma kwenye injini. Hunioni, sikuoni, na kila mtu ana mshipi wake. Huyo Machibya asitie neno, mimi maji nayajua.

Kisiwani nitatangulia na Queen, ninyi mfuate kwa nyuma.

Unajua kuogelea? Jibu hilo.

Mama Evelina


Dodoma,
25 Novemba 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva wa basi anasubiri bahasha. Wote wazima.

Pazia nimelikubali kwa mikono miwili. Siri yako nimeifunga. Nimemwambia Machibya atafute kambale hai, akauliza nani amenifundisha, nikasema nimesoma kitabuni.

Kuhusu kuogelea, mimi nimezaliwa Bukoba, Mama. Ziwa tulikuwa tunaliona kila siku asubuhi tukitoka nje.

Tutaonana tarehe 21. Yaani hatutaonana.

Mkweo,
Kashaija


Bukoba,
27 Desemba 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Tulifika salama. Meli ilitulia usiku kucha, watoto walilala kabla hata taa za Mwanza hazijapotea. Ma Kokulinda anakusalimu sana. Vile vipande vya sangara ulivyompa Queen pale bandarini alivipika na ndizi, akala mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyu mama wa watu aliyemvua huyu, lini nitamshika mkono?"

Tulikuwa siku moja na boti moja, lakini nadhani kila mmoja aliona yake. Ya upande wangu ni haya.

Kule Saa Nane nilikuwa nakufuata hatua ishirini nyuma na Obedi, Evelina katikati kama trafiki anayeongoza magari: "Mama, pinda kulia! Baba Queen, simama hapo hapo!" Pale njia inapojikunja kwenye lile jiwe kubwa, Queen aliona pimbi akakurudisha ghafla. Nikasikia ndala zako ziko karibu kabisa. Sikuwa na pa kwenda. Nikaligeukia jiwe nikalikumbatia. Tumbili akaona mikono yangu ina kazi, akachukua sambusa mfukoni mwangu, akakaa pale pale akaila akinitazama. Watalii wawili walinipiga picha. Evelina alicheka mpaka ikabidi akae chini, na wewe nilikusikia, Mama. Ulicheka kwa pua. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chako.

Luchelele, Machibya alilitazama pazia lako akakuna kichwa. "Mama, kitu hiki na upepo wa mchana..." Ukamwambia ulikuwa mwaloni kabla yeye hajaota jino. Akatuvalisha maboya, tukaondoka. Evelina akabaki chini ya mwavuli na mhindi wa kuchoma, anatupungia.

Tulipopita mawe ya mwisho Machibya akazima injini, tukatupa mishipi. Nusu saa, kimya. Nilikuwa naona vitenge tu, yale maua makubwa mekundu, na kusikia Queen akikuuliza maswali. Obedi alipata sato mmoja mdogo, akampa jina, akamrudisha majini. Kisha upepo ukaja.

Pazia likajaa upepo likawa tumbo. Boti ikaanza kwenda yenyewe, ubavu ubavu, kuelekea yale mawe tuliyoyapita. Machibya akasema, "Si niliwaambia? Hili ni tanga!" Na wakati huo huo Queen akapiga kelele, "Bibi kapata! Bibi kapata!" Nikasikia miguu yako inakwaruza mbao.

Machibya akaniambia kwa sauti ya chini. Akiwasha injini, mshipi umepita chini ya boti, panga la injini litaukata, samaki kwaheri. Asipowasha, dakika chache tuko kwenye mawe. Dawa ni kushusha pazia, sasa hivi. Na pazia likishuka, mimi na wewe tuko uso kwa uso, hatua mbili, hakuna jiwe la kukumbatia.

Ndipo nilipokuuliza, "Mama, nije?" Hukunijibu. Nikauliza tena. Nilikusikia unapumua tu, na Queen anasema, "Bibi mkono unatoka damu."

Nikamwambia Machibya akate kamba, na pazia lilipoanguka nikalidaka, nikajifunika lote, kichwa mpaka kiunoni, nikampa Machibya Obedi amshike, nikaja mbele kwa kupapasa. Yaliyofuata unayajua, ulikuwa na macho. Mimi niliyaona maua mekundu tu. Nilishika mshipi nyuma ya mikono yako nikavuta ulipovuta, nikalegeza ulipolegeza. Nilisikia tu kishindo kwenye mbao, na watoto wanaruka, na Machibya anasema, "Mama, huyu ni mnyama!"

Machibya akawasha injini, tukayakwepa mawe kwa urefu wa kasia. Bandarini tulifika mbio, geti linataka kufungwa, Obedi bado na boya shingoni, mpaka leo hatujui tumrudishie vipi Machibya. Ulimkabidhi Queen kifurushi, ukageuka ukaondoka. Mgongo, mara ya tano.

Mama, hukunijibu kule majini, na mimi nikaja bila ruhusa. Evelina anasema nisihangaike. Lakini ulimuapia mama yako, na mimi sitaki kuwa mtu aliyekuvunjisha kiapo kwa ajili ya samaki. Kama nimekosa, niambie nifanye nini.

Mkweo,
Kashaija


Igoma,
31 Desemba 2024

Baba Queen,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya unaoingia kesho. Barua hii anakuja nayo Winnie, binti wa kaka yangu Shigela, anayekwenda Bukoba kusalimia wakwe. Yako ilinifikia jana. Sijatafuta kalamu, nilikuwa nayo mkononi.

Hapa pote ni sangara. Kichwa nilimpelekea padri, minofu nimegawa kuanzia kwa fundi wa mageti mpaka kwenye kona. Kila anayepita anasimuliwa. Jana nimemsimulia mtu wa maji aliyekuja kusoma mita, akasahau kusoma mita. Nasimulia kama walivyokuwa wanasimulia wao, na mikono nanyanyua.

Evelina naye amenipigia ameniambia habari za ndimu, kwamba atajifungua mwezi wa nne. Nikamwambia, ala! Kumbe!

Sasa nikuambie ya upande wangu. Sangara alipokula chambo nilifikiri nimenasa kwenye jiwe. Kisha jiwe likatembea. Yesu na Maria! Miaka ishirini na nane nimewashika wakiwa wamekufa, sikujua kuwa wakiwa hai wana nguvu na hasira kiasi kile. Nilisahau goti, nilisahau umri. Halafu boti ikaanza kwenda pembeni, na mimi niliyeona matanga tangu utoto nimejishonea tanga mwenyewe bila kujua, nikaliita pazia. Machibya ana haki ya kunicheka mpaka Pasaka.

Nilikusikia ukiuliza, "Mama, nije?" Sauti yako nilikuwa siijui. Ni nyembamba kuliko nilivyofikiri. Nilitaka kusema njoo. Nakuapia nilitaka. Mshipi unanikata viganja, samaki anaondoka, na ulimi umegoma. Miaka kumi na moja ya kukupisha ilikuja yote ikaushika. Nikasema moyoni, basi Tereza, mwache aende, ulikuwa hujapangiwa.

Mara boti ikayumba. Nageuza shingo kidogo, naona kitenge changu kinakuja kwa miguu miwili. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kitenge kikapiga magoti nyuma yangu, mikono ikatoka chini ya maua ikashika mshipi. Tukavuta. Hukunipokonya. Hapo ndipo uliponishinda, Baba Queen. Mwanaume mwingine angesema, "Lete hapa," angevuta yeye, na mimi ningerudi kuwa mwenye beseni. Wewe ulinifuata mkono. Nilimsikia yule samaki tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilimtoa mimi. Machibya alipompiga rungu nililia, na Queen akikuambia yale yalikuwa maji ya ziwa, mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo.

Kingine. Machibya aliniambia baadaye kuwa hujui kuogelea hata hatua moja, na kwamba ulimuuliza kina cha maji mara tatu kabla hatujaondoka. Kumbe kuliona ziwa kila asubuhi ndiko kuogelea kwenu Bukoba! Ukavuka boti inayoyumba, umefunikwa macho, hujui maji. Ungetumbukia ningemwambia nini mwanangu? Usirudie upuuzi huo. Na asante. Na kitenge nimekifua mara mbili, kwa sababu ya matapishi uliyoyaficha kwenye barua yako. Sitamwambia mtu.

Jana Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Shigela. Unajua kwenye ukoo wetu, mkwe na mama mkwe wakivunjiana heshima kwa bahati mbaya, kuna njia. Aliyekosa anatoa mbuzi, wanakula chungu kimoja mbele ya wazee, na tangu siku hiyo kupishana kunakwisha. Wanasalimiana, wanakaa pamoja kama watu wengine. Nikamweleza Shigela yote, hakuna nililobakiza.

Akauliza, "Alikuona?"

Nikasema, "Alikuwa ndani ya kitenge."

"Wewe ulimwona?"

"Niliona miguu."

"Miguu siyo uso. Mligusana?"

"Tulishika mshipi mmoja."

Akanywa chai yake yote taratibu, mimi nimekaa ukingoni mwa kiti. Kisha akasema, "Hakuna kosa. Huyo kijana ana adabu mpaka imezidi. Kiapo cha mama kipo salama. Endeleeni kama zamani."

Nilitakiwa nishukuru. Nilirudi Igoma nimenuna, hata kuku walinikimbia. Nikakaa jikoni nikajiuliza, wewe mama, una nini? Ndipo nikajua nilikwenda kule nikiomba aseme nimekosa.

Nikarudi kwake jana ile ile, baada ya kusoma barua yako. Nikamuuliza, "Na mtu akikosa kwa kusudi?" Akanitazama sana. Akasema mbuzi ni yule yule, ila awe mkubwa. Kisha akaguna akasema mama yetu mwenyewe angechoka kunisubiri nilegeze.

Kwa hiyo umeniuliza ufanye nini. Meli yenu inaingia Mwanza Jumamosi, tarehe 4, asubuhi. Nitakuwa nimesimama getini bandarini, mbele kabisa, sijajifunika kichwa. Usigeuke. Nitazame. Mbuzi nimeshamfunga.

Mama yako,
Tereza